Wikendi ya joto Dar es Salaam: mwongozo kamili wa kuifurahia bila kuimalizia kwenye foleni

Kuanzia Desemba mpaka Machi simu yangu hujaa ujumbe kila Jumapili usiku, na habari ni ileile. Tulitoka nyumbani saa 4 asubuhi, tukafika Feri, kwenye kivuko cha kwenda Kigamboni, saa 5, tukavuka saa 6 na nusu, tukakuta jua la utosi na bahari imerudi nyuma mpaka unaitafuta kwa macho. Watoto wakalia njaa, chakula kikanunuliwa kwa bei ya ufukweni, na tulipoamua kurudi saa 12 jioni, nusu ya mji nayo ilikuwa imeamua hivyohivyo.

Wikendi ndefu ndizo zinazoumiza zaidi: Uhuru tarehe 9 Desemba, Krismasi na kesho yake, Mwaka Mpya, na Mapinduzi tarehe 12 Januari, zinapoangukia karibu na Jumamosi. Wageni kutoka bara wamekuja, watoto wamefunga shule, na kila mtu anataka bahari siku moja.

Kosa liko kwenye saa. Watu hupanga wikendi kwa kuangalia mfuko na usafiri tu, kisha maji na jua vinawapangia mengine. Mwongozo huu unaanza na maji na jua. Mengine yote yanafuata.

## Vitu vya kuandaa

Viwe tayari Ijumaa kabla ya kulala. Asubuhi ya Jumamosi hakuna anayekumbuka chochote.

- Kalenda yenye tarehe za Kiislamu, au jedwali la maji kujaa na kupwa kwenye simu.
- Maji ya kunywa: lita 2 kwa mtu mzima na lita 1 kwa mtoto kwa nusu siku. Nusu yake yagandishe.
- Deli (sanduku la kutunza ubaridi), au ndoo yenye mfuniko na taulo zito la kuifunika.
- Kanga mbili tatu. Ni kivuli, ni taulo, ni mkeka, ni nguo ya kubadilishia.
- Kofia pana, fulana za mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua ya kiwango cha 30 kwenda juu.
- Yeboyebo au viatu vingine vya plastiki kwa kila mtu, mpaka bibi.
- Noti ndogondogo, salio kwenye simu, na N-Card (kadi ya kulipia nauli) yenye pesa kama mtapita kivukoni.
- Kikapu na mfuko wa takataka. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, usitegemee kupewa njiani.
- Maka peni, sukari, chumvi na kijiko cha chai. Kazi yake utaiona mbele.

## Hatua ya 1: Soma mwezi kabla ya kupanga siku

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa 6, na kila siku maji huchelewa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Wavuvi wanaishi kwa hesabu hii, na mtu wa Tabata au Kimara anaweza kuitumia vilevile.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za Kiislamu, huja bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina inaweza kupita mita 3. Kwenye ufukwe tambarare hiyo ni safari ya miguu. Siku hizo hapa Dar maji hukupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 alasiri.

Mwezi ukiwa nusu, karibu na tarehe 8 na 22, ni maji mafu. Bahari hupanda na kushuka kidogo tu, na kujaa kwa mchana huangukia karibu saa 4 asubuhi.

Ukishajua hayo, mwezi unakuambia uende ufukweni nusu ipi ya siku. Wikendi ya maji mafu, nenda alfajiri na uondoke kabla ya adhuhuri. Wikendi ya bamvua, asubuhi yako iwe ya mjini na bahari uiachie alasiri. Siku za katikati hesabu hivi: chukua saa 10 ya tarehe 1 au 15, ongeza dakika 50 kwa kila siku iliyopita. Tarehe 18 zimepita siku tatu, basi maji yatajaa karibu saa 12 na nusu, asubuhi na jioni, na mchana yatakuwa yamekupwa. Kisha hakikisha kwenye jedwali, kwa sababu hesabu ya kichwa inaweza kukosea kwa nusu saa au zaidi.

Onyo: ukienda na watoto wakati wa bamvua, maji yanaporudi huja haraka kuliko unavyodhani. Usiweke vitu kwenye mchanga wenye unyevu ukaenda kutembea.

Umefaulu ikiwa siku ya Alhamisi unaweza kusema bila kusita: Jumamosi hii maji yanajaa saa fulani, tutakuwa ufukweni saa fulani mpaka fulani.

## Hatua ya 2: Chagua ufukwe wa upande wako

Usiuvuke mji mzima kwa ajili ya mchanga. Mtu wa Tegeta anayeacha Kunduchi akaja kupanga foleni Feri amejitesa bure.

Ukitoka Mbagala, Temeke, Gongo la Mboto au upande wa uwanja wa ndege, na una usafiri, Kigamboni ni kwako, ila pitia Daraja la Nyerere pale Kurasini. Linatumika tangu 2016 na lina tozo kwa magari, lakini linakuokolea foleni ya kivuko. Ukitoka Kariakoo, Ilala au Kimara bila gari, kivuko ndiyo njia: basi la mwendokasi hukuteremsha Kivukoni, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu mpaka kwenye pantoni. Wa Kinondoni, Mwenge na Sinza wana Coco Beach. Wa Mbezi Beach, Goba na Tegeta wana Kunduchi.

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni vizuri mno. Boti za Bongoyo hutoka Msasani, za Mbudya hutoka Kunduchi. Vyote viwili ni maeneo tengefu ya bahari, kwa hiyo mbali na nauli kuna kiingilio. Uliza bei zote mbili kabla ya kupanda. Nenda asubuhi na urudi mapema, kwa sababu msimu huu upepo wa kaskazi huzidi nguvu mchana, na safari iliyokuwa shwari saa 3 huwa ya kulowa na kutapika saa 10. Kama hujapewa jaketi okozi linalokutosha, shuka. Bora uonekane mwoga mbele ya abiria wenzako.

## Hatua ya 3: Pika Ijumaa, na pika vinavyovumilia joto

Chapati, maandazi, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, mihogo ya kuchemsha, kuku wa kukaanga mkavu, matango, machungwa, ndizi mbivu. Hivyo vinafika salama.

Wali wa nazi uache nyumbani. Nazi huchacha haraka kwenye joto la nyuzi 31 au 32, na ukiufunika ungali moto ndiyo unauharakisha. Vilevile kachumbari yenye maziwa au mayonezi. Nimeona familia nzima ikirudi imejikunja matumbo kwa sufuria moja ya wali uliopikwa usiku.

Chupa za maji ulizogandisha zipange chini ya deli, chakula juu yake, taulo juu ya vyote. Barafu ikiyeyuka unapata maji baridi ya kunywa.

Umefaulu ikiwa saa 6 mchana ukigusa chakula bado ni baridi.

## Hatua ya 4: Toka kabla mji haujaamka

Kwa safari ya asubuhi, mlango wa nyumba ufungwe saa 12. Jua linachomoza karibu wakati huo, barabara bado ni tupu, na kondakta bado ana lugha nzuri. Ukichelewa hadi saa 3, umejiunga na wale wa malalamiko.

Kivukoni, kadi iwe mkononi na simu iwe mfuko wa mbele. Mkiwa na gari, dereva abaki nalo na wengine wote wapande kwa miguu, kisha mkutane ng'ambo. Shika mkono wa mtoto mpaka mlango wa pantoni umeteremka kabisa. Watu huanza kusukumana kabla haijagusa nchi kavu, na hapo ndipo viatu na watoto hupotea.

Ng'ambo, bajaji na daladala zipo tele. Patana bei ya bajaji kabla ya kukaa, na sema idadi ya watu pamoja na mizigo. Dereva aliyekubali abiria watatu hajakubali deli.

Kwa safari ya bamvua ya alasiri, usivuke kabisa siku ya sikukuu. Chagua ufukwe ulio upande wako wa maji, fika saa 8, ukae kivulini mpaka jua lipoe.

## Hatua ya 5: Piga kambi, kisha panga watoto

Fukwe nyingi za Kigamboni na Kunduchi zina kiingilio. Mlangoni uliza mambo matatu: kiingilio kinarudishwa kwenye chakula au la, kibanda kinalipiwa au la, na chakula cha nje kinaruhusiwa au la. Ukiuliza mlangoni ni mazungumzo. Ukiuliza baada ya kula ni ugomvi.

Chagua kivuli chenye kitu kirefu cha kukitambulisha: bendera, mnazi uliopinda, mnara wa tangi la maji. Usikae chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa.

Sasa toa maka peni. Andika namba ya simu ya mtu mzima kwenye mkono wa kila mtoto, upande wa ndani, juu ya kifundo. Andika kabla ya mafuta, maana ngozi yenye mafuta haishiki wino.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka mmoja, kesho yake ya Krismasi, mpwa wangu wa miaka sita alitupotea ufukweni kwa dakika ishirini. Nilikuwa nimempa mgongo ili nifungue chupa ya juisi tu. Ufukwe ulikuwa umejaa watoto wenye kaptula za bluu kama yake, kila mmoja nikimgeuza si yeye. Dada yangu alikuwa anatazama maji tu, hasemi. Tulimkuta ameshika mfuniko wa deli la muuza aiskrimu, anamsaidia kuita wateja. Yule kijana alikuwa amemuuliza jina la baba, mtoto akajibu "Baba". Angekuwa na namba mkononi, tungepigiwa simu dakika ya kwanza.

Basi, mbali na namba, mtoto ajue kitu kirefu mlichokaa chini yake, na mtu mzima mmoja awe zamu ya kuangalia. Zamu ni ya nusu saa, kwa jina, bila simu mkononi. Kusema "sote tunaangalia" maana yake hakuna anayeangalia.

## Hatua ya 6: Ingia majini kwa adabu

Vaa yeboyebo. Maji yakikupwa, miamba yenye ncha hujitokeza, hasa Coco Beach, na kidonda cha mwamba hukaa wiki.

Kaa umbali ambao maji yanakufika kiunoni, na mtoto awe ndani ya urefu wa mkono wako. Boya la kupuliza si kinga. Upepo hulisukuma mbali mtoto akiwa juu yake anacheka.

Jifunze kuutambua mkondo. Ni ukanda ambao mawimbi hayavunjiki kama jirani zake, maji yana povu au mchanga yanaelekea nje. Wageni huuona umetulia wakadhani ndiyo pazuri pa kuogelea. Ukibebwa, usishindane nao kurudi moja kwa moja, utachoka. Elea, punga mkono, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye ukanda, ndipo urudi. Ukimwona mwenzako anabebwa, mtupie kitu kinachoelea na upige kelele. Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi ni 112.

Aliyekunywa pombe asiingie majini. Hapo sina la kuongeza.

## Hatua ya 7: Saa za jua kali, ziache zipite

Kuanzia saa 5 mpaka saa 9 mchana, tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua lina ukali wa kuunguza. Ngozi nyeusi nayo huungua, inachelewa tu kuonyesha. Kama mna ndugu mwenye ualbino, safari yenu iwe ya kabla ya saa 3 au baada ya saa 10, na mavazi yamfunike mpaka viganjani.

Safari ya asubuhi inaisha hapa: suuza miili, kula, ondoka. Anayelazimika kubaki akae kivulini, anywe maji kila robo saa hata bila kiu.

Dalili za kuangalia ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza. Mtoe mtu huyo juani, mlaze, mfunike kanga iliyolowa, mpepee. Changanya lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogokidogo. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au ngozi ikiwa moto na yeye hajitambui, usimnyweshe kitu. Mwagie maji mwili mzima huku mkielekea hospitali.

## Hatua ya 8: Rudi kabla yao, au baada yao

Msongamano wa kurudi huanza saa 11 jioni na haupoi upesi. Kwa hiyo mna milango miwili: saa 6 mchana, au baada ya chakula cha usiku. Katikati hapana.

Kabla ya kuondoka, geuka nyuma uangalie mlipokaa. Vifuniko vya chupa na maganda ya mayai viingie kwenye mfuko. Kila kinachobaki, bamvua ijayo itakibeba.

Umefaulu ikiwa saa 8 mchana uko nyumbani umeoga, feni inazunguka, na watoto wamelala bila kubembelezwa.

## Hatua ya 9: Jumapili asubuhi, uchukue mji ukiwa mtupu

Posta, katikati ya mji, siku ya kazi haipitiki. Jumapili saa 1 asubuhi unaweza kusimama katikati ya barabara ukapiga picha mnara wa Askari bila gari kukupigia honi.

Anzia Soko la Samaki Feri, wakati mnada umechangamka na jua halijapanda. Vaa viatu vinavyooshwa. Samaki mzima mwangalie jicho na matamvua: jicho liwe angavu limejaa, matamvua yawe mekundu. Bonyeza ubavu, nyama irudi. Changu na kibua hutosha familia, nguru ni wa wenye nafasi. Pembeni kuna vijana wa kuparua na kukatakata, na kina mama na kina baba wanaokaanga hapohapo. Pata kipande cha pweza na ndimu ukiwa umesimama, ndiyo kifungua kinywa cha Feri. Samaki mbichi waingie kwenye deli lenye barafu mara moja.

Kutoka hapo tembea kando ya maji kupita kanisa la Azania Front, kisha ingia Mtaa wa Shaaban Robert kwenye Makumbusho ya Taifa. Ndani kuna kivuli na upepo, na watoto watakutana na habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Bustani ya Mimea iko jirani, nzuri kwa kukaa na maandazi yaliyobaki. Kufika saa 5 muwe mmemaliza.

## Hatua ya 10: Jumapili jioni, Coco Beach

Fika saa 10, kabla maegesho hayajajaa. Uliza bei ya mihogo, mishikaki na madafu kabla ya kuagiza, hata kama muuzaji ni mcheshi. Mhogo mzuri wa kukaanga unausikia: ukivunjwa unalia, ndani ni mweupe na unatoa mvuke, juu kachumbari, pilipili na ndimu.

Wengi huja kutazama jua likizama baharini wakakosa. Ufukwe huu unatazama mashariki, jua huzama nyuma yako, juu ya majumba, karibu saa 12:45. Anayetaka kuliona likishuka upande wa maji aende upande wa pili wa rasi, kwenye ghuba ya Msasani.

Lakini kama Alhamisi ulisoma mwezi na ukakuta ni tarehe 14 au 15, baki Coco. Maji yatakuwa yameshaanza kurudi nyuma, upepo wa kaskazi umepoza ngozi. Geuza mkeka utazame baharini, mpe mtoto kipande cha mwisho cha mhogo. Karibu na wakati jua linapozama nyuma yenu, mwezi mpevu utatoka majini, mwekundu na mkubwa kama sinia.